Shoka au Gundi?

Katika arusi moja iliyofungwa kijijini kwetu mwezi wa Julai, tulihubiriwa na kijana aliyealikwa kutoka mjini, mtu msomi, mwenye sauti nzuri na Biblia mbili mkononi, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Somo lake lilikuwa kitabu cha Mwanzo, mlango wa 2, aya ya 24, maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia arusini: habari za mwanamume kumwacha baba yake na mama yake, na kuambatana na mkewe. Akasema kwamba Kiswahili hakitoshi mahali hapo. Akaifungua Biblia ya Kiingereza, ile ya mwaka 1611, akatusomea neno "cleave", akatueleza ya kuwa neno hilo lina maana mbili zipinganazo: kushikamana, na tena kupasua, kama mtu apasuavyo gogo kwa shoka. Basi siri ya ndoa, akasema, imo katika neno hilo moja. Kisha akamgeukia mama wa bibi arusi, akamwambia kwamba siku ile binti yake amepasuliwa kutoka kwake, na asiyelikubali shoka hataipata gundi. Vigelegele vikapigwa. Mimi nami, nakiri, nilipendezwa.

Jioni yule mama akanijia nilipokuwa nikinawa mikono. Akasema, "Mwalimu, wewe wajua Kiingereza. Ni kweli Mungu ameandika shoka kati yangu na mwanangu?" Nikamjibu upesi, "Ndivyo neno lilivyo, mama," nikaenda zangu kula pilau. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile. Nilipofika nyumbani nikatoa vitabu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mhubiri alikosa, nami nilikosa zaidi, kwa kuwa yeye alisema alivyofundishwa, bali mimi nilijibu bila kutazama.

Kwanza wasomaji wajue ya kuwa neno hili leo ni kama mzee asiyetoka nje. Mwingereza wa siku hizi akipasua kuni hasemi "cleave", husema "split"; na kitu kikinata husema "stick" au "cling". Neno la kale limebaki kanisani na katika masazo machache. Lile shoka pana la mwuza nyama laitwa "cleaver". Kwato za mbuzi na ng'ombe, zilizopasuka kati, zaitwa "cloven". Mtoto azaliwaye na kaakaa lililopasuka, waganga hulitaja kaakaa hilo kwa neno "cleft", nalo ni tawi la shina lile lile. Hata wafasiri wa Biblia wa Kiingereza wameanza kuliacha. Tafsiri ya mwaka 1952 ililihifadhi bado katika Mwanzo; ile iliyotoka mwaka 1978 ikaweka neno la kuunganishwa; ya mwaka 1989 ikaweka neno la kung'ang'ania; na ya mwaka 2001 neno la kushika sana. Hivi vijana wengi wa Uingereza wenyewe wakilikuta neno hili katika kitabu cha kale huwapasa kuuliza, kama sisi.

Sasa, je, ni neno moja lenye maana mbili? Hapo ndipo kosa linapoanzia. Hayo ni maneno mawili. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajaingia nchi ile mwaka 1066, kupasua kuliandikwa "cleofan", na kunata kuliandikwa "clifian". Hayakuwa ndugu wa tumbo moja. Hata katika kunyambuliwa yalikwenda njia mbalimbali: lile la kupasua lilibadili sauti ya katikati lilipotaja jambo lililopita, na lile la kunata liliongezewa kipande mwishoni. Mtu wa zama hizo hakuweza kuyachanganya, kama mtu wetu asivyoweza kuchanganya kuchana na kuchanja. Baadaye, kwa miaka mingi, miisho ya maneno ya Kiingereza ikalika, sauti zikasogeleana, hata maneno hayo mawili yakakutana mlangoni yakiwa yamevaa nguo moja. Wajerumani, ambao lugha yao ina asili moja na Kiingereza, hawakupatwa na mkasa huo: kwao kunata ni "kleben" hata leo, na kupasua kuni ni "klieben", ingawa hili la pili sasa lasikika zaidi kusini tu.

Wafasiri wa mwaka 1611 waliyapokea maneno hayo yakiwa yamekwisha kufanana, nao wakazidi kuyafananisha. Ibrahimu alipochanja kuni za sadaka siku ile aliyompeleka Isaka, waliandika "clave". Ruthu alipokataa kumwacha mkwewe, waliandika "clave" vile vile. Herufi ni zile zile, moja ya shoka na moja ya mikono iliyozunguka shingo. Simlaumu mtu wa zama zile. Yeye alilisikia neno kila siku shambani na jikoni, akajua kwa jirani zake, yaani maneno yaliyolitangulia na kulifuata, kama ni kupasua au ni kunata. Mgeni ndiye anayepotea, hasa mgeni mwenye kamusi. Kamusi humwonyesha maana zote juu ya ukurasa mmoja, naye hudhani ya kuwa zote zimo katika kila aya.

Nilipozifuata aya moja moja, niliona kwamba katika Biblia ya 1611 maneno hayo mawili hayagombani hata kidogo. Kila moja lina shamba lake. La kupasua liko kwenye kuni, miamba na ardhi. Watu wa Beth-shemeshi walipolipokea sanduku la agano kutoka kwa Wafilisti, walilipasua lile gari na kuwatoa sadaka wale ng'ombe waliolivuta. Ardhi ilipasuka chini ya Kora na wenzake. Mwamba ulipasuliwa jangwani ukatoa maji. Mlima wa Mizeituni utapasuka katikati, asema Zekaria. Naye Mhubiri, aliyejua mambo ya nyumbani, atuonya kwamba mpasua kuni yumo hatarini. Jambo hilo kila mwenye kovu la shoka mguuni alijua bila kufundishwa.

La kunata ndilo lililonishika mimi zaidi, maana si jema siku zote. Tumezoea kulisikia arusini hata tukadhani ni neno la furaha. Walakini tazameni lilipo. Yumo Eleazari, shujaa wa Daudi, aliyewapiga Wafilisti hata mkono wake ukagandamana na upanga. Akitaka kuuachilia hawezi. Mtu aliyelima kutwa nzima kwa jembe la mkono, akajaribu kufungua vidole vyake jioni, aijua habari hiyo. Umo ulimi wa mtu wa uhamishoni katika Zaburi ya 137, ambao na ugandamane na kaakaa kama atausahau Yerusalemu. Limo vumbi la mji uliowakataa wanafunzi, lililowashika miguuni, katika Injili ya Luka. Tena yumo Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemfuata Naamani kwa siri ajipatie fedha na mavazi. Na ukoma wa Naamani ukaambiwa umshike yeye na uzao wake. Neno lililotumika kwa ukoma huo ndilo lile lililotumika kwa mume na mkewe. Mhubiri angaliniuliza mimi habari za hatari iliyomo katika neno la ndoa, nisingalimwonyesha shoka, ningalimwonyesha Gehazi. Kinachonata chaweza kuwa baraka, chaweza kuwa ugonjwa, na neno lenyewe halichagui.

Mtu atasema, huenda Waebrania nao walikuwa na neno moja kwa mambo mawili, na Waingereza waliwafuata. La. Katika Kiebrania neno la Mwanzo 2:24 ni "davak", nalo ndilo la Ruthu, la Eleazari, la Gehazi na la ulimi wa zaburi ile. Neno la Ibrahimu na kuni zake ni "baka", nalo ndilo la ardhi ya Kora na la mlima wa Zekaria. Hayafanani kwa maana wala kwa asili. Wayahudi walioifasiri Torati kwa Kiyunani waliweka katika Mwanzo neno litokalo katika "kolla", maana yake gundi, na neno hilo la gundi ndilo lililomo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 19, Bwana alipowajibu Mafarisayo habari za talaka. Basi shoka halimo katika Kiebrania, halimo katika Kiyunani, wala halimo katika Kiswahili chetu. Limo katika kamusi ya Kiingereza tu, tena mstari wa chini.

Nami nastaajabu jinsi tulivyokubali upesi, sisi ambao tumelelewa katika lugha iliyojaa maneno ya namna hiyo. Kaa ni mnyama wa pwani mwenye magando; kaa ni lile jeusi la kuchomea; na kaa ni amri ya kumkalisha mgeni. Paa hukimbia nyikani. Samaki hupaliwa magamba, au hupaawa, kama wasemavyo wengine. Na kila mwaka tunaiadhimisha sikukuu ya Bwana kupaa mbinguni. Je, yupo mhubiri aliyewahi kusimama siku hiyo akatuambia ya kuwa siri ya kupaa imo katika mbio za paa na magamba ya samaki? Angalifanya hivyo, watoto wa shule ya Jumapili wangalicheka. Lakini jambo lile lile likisemwa kwa Kiingereza, twapiga vigelegele. Haya ndiyo niliyoyaona mabaya katika mahubiri yale: alikifanya Kiingereza kuwa chumba cha ndani cha Neno la Mungu, na Kiswahili kuwa baraza tu. Naye Mwingereza yuko barazani pamoja nasi, akisoma tafsiri kama sisi.

Nisiwe mkali kupita haki. Kijana yule hakusema uongo aliposema ya kuwa ndoa ina kuachana ndani yake. Kuacha kumo katika aya, kwa neno lake lenyewe, wazi, mwanzoni kabisa, wala hakukuwa na haja ya kukutafuta ndani ya neno la pili kwa tochi. Ila tuisome sawasawa. Aya hiyo yasema ni nani aachaye? Ni mwanamume. Ndiye aambiwaye kumwacha babaye na mamaye. Desturi ya kwetu ni binti kuondoka, na mwana kubaki karibu na moto wa mama yake. Wala aya haikuigusa desturi yetu kwa kuikataza. Lakini mhubiri aliyelishika shoka alimgeukia mama wa bibi arusi, aliyekwisha kutoa binti, wala hakumtazama mama wa bwana arusi, aliyekaa kiti cha mbele na mwanawe karibu yake. Kama pana mtu katika arusi ile aliyepaswa kusikia habari za kuacha kwa ajili ya aya hiyo, ni upande ule wa pili. Neno la kigeni likatufunika macho tusione maneno yaliyo mbele yetu.

Iko aya moja ambayo nadhani wafasiri wa 1611 wenyewe walijikwaa, na neno letu ndilo lililowakwaza. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 2, siku ya Pentekoste, waliziita zile ndimi za moto "cloven", yaani zilizopasuka, kama kwato. Msomaji wa Kiingereza huona basi ndimi zenye ncha mbili. Neno la Kiyunani pale ni la kugawa, kama watu wagawanavyo chakula. Ndilo lililotumika askari walipogawana mavazi ya Bwana msalabani. Maana yake moto uligawanyika ukamkalia kila mmoja, wala si kwamba kila ulimi ulikuwa na panda. Tafsiri yetu ya mwaka 1952 yasema zilizogawanyika, nami naiona imesema vizuri kuliko ile ya wakubwa wetu. Hapo msomaji wa kijijini asiyejua Kiingereza ana picha iliyo safi kuliko ya Mwingereza mwenyewe, wala hajui kwamba anayo.

Kinyume chake uko wimbo wa Toplady, uliochapishwa Uingereza mwaka 1776, ambao sisi twauita Mwamba Wenye Imara. Katika Kiingereza umejengwa juu ya neno letu la kupasua: mwamba ulipasuliwa, na katika ufa wake mwenye dhambi hujificha. Jina la Kiswahili lasifu uimara wa mwamba, na ufa hauonekani hapo. Sisemi mfasiri alikosa, maana silabi za wimbo zina sheria yake ngumu. Ila yapasa mwenye kuufundisha awaambie waimbaji ya kuwa mwamba usio na ufa haumfichi mtu.

Ndugu mmoja wa Pemba aliyesoma maandishi haya aliniuliza kama karafuu, iitwayo kwa Kiingereza "clove", nayo imetoka katika kupasua. Hapana. Hiyo imetoka katika neno la Kifaransa "clou", yaani msumari, kwa sababu ya umbo lake. Atakayeitazama karafuu kavu ataona kichwa cha msumari. Bali punje ya kitunguu saumu, ambayo Waingereza huiita kwa jina hilo hilo, hiyo kweli ni ya ukoo wa kupasua, kwa kuwa kitunguu chenyewe hupasuka vipande. Hivyo maneno ya Kiingereza yaliyofanana hayakukoma kwenye mawili.

Narudi kwenye neno letu la Kiswahili, ambalo kijana yule alisema halitoshi. Walioifasiri Biblia walikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Kunata ni kwa utomvu na ubuyu wa sukari. Kuganda na kugandamana ni kwa kitu kilichokauka juu ya kingine, nao wakakuweka kwenye ulimi wa zaburi, mahali pake kabisa. Kushikamana ni kwa mikono. Wao kwa Mwanzo na kwa Ruthu walichagua kuambatana. Nimelifikiri sana neno hili. Katika Kiebrania aambataye ni mmoja. Kupe pia humwambata ng'ombe, na ng'ombe hana habari. Kiswahili kiliongeza ile "na" ya mwishoni, ambayo kwetu ni alama ya watu wawili kutendeana: kupendana, kusaidiana, kuambatana. Mfasiri mkali aweza kusema ya kuwa tumeongeza kisichokuwamo. Mimi nasema kwa habari ya mume na mke, walioambiwa mwisho wa aya ile ile kuwa mwili mmoja, nyongeza hiyo haikutoka nje ya maana. Imeisogeza mbele mahali inapokwenda. Lakini kwa Ruthu sina hakika. Pale aliyeshika alikuwa mmoja. Naomi alikuwa akimsukuma arudi.

Kwa ajili ya Ruthu huyo nilikwenda nyumbani kwa yule mama Jumamosi moja, nimechukua Biblia ya Kiswahili peke yake. Nikamwambia kwamba nilimjibu vibaya, ya kuwa shoka halimo, wala halikuwamo tangu zamani. Nikamwonyesha neno la Mwanzo, kisha nikamwonyesha neno lilo hilo katika kitabu cha Ruthu, nikimwaza ya kuwa atafurahi kuona neno la arusi likitumiwa na mwanamke kwa mwanamke, mkwe kwa mkwe.

Akasikiliza huku akipepeta mchele. Kisha akasema, "Lakini, Mwalimu, huyo alimshika mama wa mumewe. Na mama yake mwenyewe je?"

Nikatafuta. Katika mlango wa 1 Naomi awaambia wakwe zake warudi kila mmoja nyumbani kwa mama yake. Basi mama wa Ruthu alikuwako, huko Moabu, akiwa hai. Na katika mlango wa 2 Boazi amsifu Ruthu kwa kuwa amemwacha baba yake na mama yake: kuacha na kuambatana, maneno yale yale mawili ya Mwanzo, yamekuja pamoja juu ya mwanamke mmoja. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi, wala sikumwona mama huyo hata siku moja.

Yule mama akaweka ungo chini, akaniomba nimsomee mpaka mwisho. Nikamsomea mavuno, na kiwanja cha kupuria, na wazee langoni, na kuzaliwa kwa Obedi, na wanawake wa Bethlehemu wakimpongeza Naomi. Akauliza kama mama wa Ruthu alipelekewa habari za mtoto. Nikamwambia hilo halikuandikwa.